Mume wangu anasema tutawakali: je, nimchanje mtoto homa ya mafua?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Niko Wete, Pemba. Mwanangu ana miaka mitatu na ana pumu, kila akishikwa na mafua nyumba nzima hatulali. Tulimpeleka kwa daktari mmoja Unguja, akatushauri achanjwe chanjo ya homa ya mafua, ni ya kulipia. Baba yake hataki. Anasema mafua ni mafua tu, na sisi ni watu wa kutawakali, tunamtegemea Mwenyezi Mungu. Mama mkwe naye anasema mtoto asiyeumwa hachomwi sindano. Dada yangu yuko Uingereza, kule watoto wananyunyiziwa puani, lakini kasikia ndani yake mna nguruwe. Dini inasemaje? Na nikimpeleka kimya kimya bila ya baba yake kujua, nina dhambi?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, umeniuliza mambo manne kwa pumzi moja, na la mwisho ndilo zito. Tutalifikia.

Kwanza baba yake aelewe tunazungumzia nini. Si zile kamasi za kila siku ambazo mtoto anafutwa na kanga huku anacheza. Homa ya mafua inaletwa na virusi vya influenza: homa ya ghafla, mwili kuvunjika, kikohozi, na kwa mtoto mdogo inaweza kumshukia kifuani ikawa nimonia. Watoto wa chini ya miaka mitano wamo katika wanaohofiwa zaidi, na mwenye pumu, maradhi ya moyo au selimundu hofu yake ni kubwa zaidi. Virusi hivi havitulii, vinabadilika, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, linatangaza aina zitakazotiwa katika chanjo, na mtu anachanjwa upya kila mwaka. Ukiitafuta kwenye kadi yake ya kliniki hutaiona. Humo mna ya kifua kikuu, polio, pepopunda, surua na nyenginezo. Hii haimo katika chanjo za kawaida za watoto wetu, kwa hivyo daktari amekupa ushauri, hakukupa amri.

Sasa tawakkul. Mumeo hakulitoa neno lake hewani. Iko hadithi sahihi ya watu sabini elfu wa umma huu watakaoingia Peponi bila ya hesabu: hawaombi kuzinguliwa, hawaamini mikosi, hawajichomi moto kwa ajili ya tiba, na kwa Mola wao wanategemea. Ndani ya vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim imo pia habari ya yule mwanamke mweusi aliyekuwa na kifafa. Alimwendea Mtume (S.A.W.) akamwomba amwombee dua. Akamwambia: ukitaka utasubiri na utapata Pepo, na ukitaka nitakuombea upone. Akachagua kusubiri, akaomba tu asiwe anafunuka nguo anapoanguka.

Lakini tazama ni nani aliyechagua. Ni mgonjwa mwenyewe, mtu mzima, kwa kifafa chake mwenyewe. Ummu Qays alipompeleka mwanawe mdogo aliyekuwa akiumwa na koo, baada ya kumkandamiza kooni kwa kidole kama walivyokuwa wakifanya, Mtume (S.A.W.) hakumwambia "subiri upate Pepo". Aliwakataza akina mama kuwatesa watoto wao kwa ukandaji ule, akawaelekeza kwenye udi wa Kihindi. Mtu mzima alipewa hiari, na mtoto akatafutiwa dawa. Basi mumeo akishikwa na homa akakataa hata panadoli kwa kutaka malipo ya subira, mimi nitamwombea na nitamwacha. Ila hana ruhusa ya kusubiri kwa kifua cha mtu mwengine. Mtoto wa miaka mitatu hana tawakkul wala hana nia, ana wazee wake tu, na wao ni wachunga watakaoulizwa juu ya walichokichunga. Uwalii, yaani usimamizi wa mzazi, ni kumtendea mtoto lenye maslaha naye, si kumfikisha mzazi kwenye daraja ya uchamungu kwa kupitia mgongo wa mwanawe.

Nayo tawakkul haikuwa kukaa kitako. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alipofika Sargh, njiani kwenda Sham (Syria na jirani zake), akaambiwa huko imeingia tauni, aligeuza msafara. Abu Ubayda akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Akamjibu: naam, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Na wakati ule tauni ilikuwa mbele yao, hawajaifikia.

Hapo ndipo ninapomjibu na bibi wa mtoto, kwa heshima zake zote. Anasema asiyeumwa hatibiwi. Hebu muulize, mtoto alipokuwa mchanga hakumsomea? Hakumnywesha kombe, yale maji ya kuoshea maandishi ya Qur-ani? Sidhani kama kuna nyanya wa Pemba aliyengoja mpaka mjukuu aumwe ndipo amzindike, yaani amkinge! Basi msingi wa kujikinga kabla ya maradhi anaukubali siku zote, kinachomtia shaka ni sindano. Na msingi huo una dalili: Mtume (S.A.W.) amesema mwenye kula tende saba za ajwa, aina ya tende za Madina, asubuhi, siku hiyo hatodhuriwa na sumu wala uchawi. Hiyo ni kinga kwa mtu mzima wa afya, na wanavyuoni wa zama zetu wameitumia hadithi hii hii kuijuzisha chanjo. Mahujaji wetu wanachanjwa homa ya uti wa mgongo kabla ya kupanda ndege, na mwaka 2009 watu wa shehia kadhaa za Unguja na Pemba walikunywa chanjo ya kipindupindu, na wengi walikuwa wazima hawana hata tumbo la kuendesha. Habasoda aendelee kumpa, haigombani na sindano. (Hirizi ni mas-ala mengine, leo tuiache.)

Je, ni wajibu? Hapana, na anayekwambia ni wajibu amepita mpaka. Wanavyuoni wetu wamezigawa sababu: iliyo ya yakini, kama chakula kwa mwenye njaa, kuiacha ni haramu. Iliyo ya dhana yenye nguvu, kama dawa nyingi, inafaa kuifuata na kuiacha si dhambi. Na iliyo ya kudhania tu, kuiacha ndiyo bora. Chanjo hii iko fungu la kati. Mwaka inapolingana vizuri na virusi vinavyozunguka, inapunguza hatari ya kuugua kwa kiasi cha asilimia 40 hadi 60, si zaidi. Yaani mwanao anaweza kuchanjwa na bado akaugua, ingawa mara nyingi inakuwa nyepesi. Kwa mtoto asiye na maradhi mengine nasema inajuzu na ni vizuri, na asiye na uwezo wa kulipia asijione mkosa. Kwa mwanao mwenye pumu, ambaye daktari aliyempima amemshauri, naiona ni sunna iliyotiliwa mkazo, na mwenye uwezo haifai kuipuuza.

Kuhusu nguruwe, dada yako hakukosea. Ile ya kunyunyiziwa puani inayotumika Uingereza ina jelatini ya nguruwe, yaani utelezi unaotolewa kwenye ngozi au mifupa yake. Mwaka 1995 kongamano la fiqhi na tiba lililofanyika Kuwait liliona kuwa kitu hicho kimekwisha kugeuka dhati yake, kwa hivyo si najisi tena. Sisi wa madhehebu ya Shafi hatuupanui mlango huo kiasi hicho: kwetu kinachotoharika (kuwa safi kisheria) kwa kugeuka ni pombe ikiwa siki, na ngozi ikidibighiwa, yaani ikitengenezwa kwa dawa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Hata hivyo, madhehebu yetu yanaruhusu kutibu kwa najisi isiyokuwa pombe pale ambapo dawa iliyo safi inayofanya kazi ile ile haipatikani. Basi dada yako asigombane na watu: kule wanayo sindano isiyo na jelatini ya nguruwe kwa wazazi wanaoitaka, na akiomba anapewa. Nawe uliyotajiwa ni sindano, mwambie daktari akusomee kile kikaratasi cha ndani ya boksi ili moyo utulie. Zaidi ya hayo, ya puani ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na madaktari wanaichukulia kwa hadhari kwa watoto wadogo wenye pumu. Sindano haina virusi hai, haiwezi kumpa homa ya mafua. Mwambie daktari pia iwapo mtoto amewahi kudhurika vibaya na chanjo yoyote au na mayai, kwani nyingi katika chanjo hizi zinaoteshwa ndani ya mayai, na siku akiwa na homa kali ngojeni ipungue.

Sasa lile zito. Usimpeleke kwa siri. Sisemi hivyo kwa kuwa kumtibu mtoto ni kosa. Baba ndiye walii wake katika madhehebu yetu, nawe ndiye mwenye kumlea, na Qur-ani imewashirikisha nyote katika jambo dogo zaidi ya hili. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, wazazi wakitaka kumwachisha mtoto ziwa, imesemwa iwe "kwa kuridhiana na kushauriana". Ikiwa ziwa lina mashauri, sindano je? Tena fikiri kwa akili ya nyumbani. Mtoto wa umri wake, ikiwa ni mara ya kwanza, anachomwa mara mbili, baina yake wiki nne au zaidi. Utaficha safari mbili za Unguja? Na usiku ule mkono ukimuuma au akipata homa kidogo, jambo la kawaida, utamwambia nini baba yake? Pumu ikimkamata wiki ya pili, hata kama haihusiani, lawama itakuwa yako na hutakuwa na mtu upande wako.

Lakini usinielewe vibaya. Hayo ni katika chanjo ambayo ina nafasi ya mashauri. Siku kifua kimembana, mbavu zinaingia ndani na pampu haisaidii, mchukue mtoto hospitali saa hiyo hiyo, humngoji baba wala bibi wala mimi.

Fanya hivi: mwombe mumeo muende kwa daktari pamoja, amuulize kwa mdomo wake hayo ya mafua ni mafua tu. Wanaume wengi wanakataa kwa sababu habari inawafikia kwa mkono wa pili. Fedha za tiba ya mtoto ziko juu yake, lakini ukiwa na chako ukataka kumsaidia, hiyo ni sadaka na ujira wake ni mara mbili. Akisikiliza yote akabakia na neno, mwambie aje tuonane msikitini baada ya sala ya alasiri, au anipigie simu, nitamsomea hadithi ya Ummu Qays mwenyewe. Wallahu aalam.