Otavalo Jumamosi: wahi soko la mifugo kabla ya mablanketi

Mkuu, umeuliza kama siku moja kutoka Quito inatosha kuliona soko la Otavalo, na kama kule Ekwado bei zinavutana. Inatosha, ila ukiweza lala pale pale Ijumaa usiku. Basi kutoka stendi ya Carcelén ni mwendo wa saa mbili hivi, na ukiondoka Quito jua limeshachomoza utakuta soko la mifugo linavunjika. Hilo ndilo lililonikaa moyoni.

Linaanza alfajiri. Mji uko juu ya mita 2,500, kwa hiyo baridi ni ya kweli. Vaa sweta, tembea polepole, kichwa kisije kikauma kama changu. Wanaume wenye nywele ndefu zilizosukwa msuko mmoja wameshika ng'ombe kwa kamba, na kina mama wa Kichwa (ndilo jina la kabila la wenyeji wa hapa), shanga za dhahabu zimejaa shingoni, wamekalia magunia yanayotikisika. Ndani ni simbilisi! Mimi ni wa Njombe, nimekua na simbilisi wakikimbizana jikoni kwa bibi. Asili yao ni milima hii hii ya Andes, na huku nako wanafugwa kwa nyama. Mama mmoja alimtoa wake, akambinya mgongo kumwonyesha mnunuzi alivyonona, kama bibi kabisa. Nilisimama pale hadi miguu ikafa ganzi.

Plaza de los Ponchos, uwanja wa soko la mablanketi na nguo, inapendeza, lakini sweta nyingi pale ni za mashine. Ukitaka kazi ya mkono, nenda kijiji jirani cha Peguche uwaone mafundi kwenye vitanda vya mfumi. Mimi nilinunua huko, ghali kidogo, sijutii.

Bei zinavutana, kwa upole. Anza na salamu yao, "alli puncha", uone uso unavyofunguka. Pesa ni dola ya Marekani. Beba noti ndogo, maana chenji ya 20 ni shida. Kwenye soko la chakula usikate bei ya viazi, omba "yapa", yaani nyongeza. Mimi niliongezewa vitatu, vikubwa. Picha omba kwanza, na ukikataliwa shusha simu.

Mchana kula soko la 24 de Mayo: nguruwe wa kuoka, au kama huli, llapingacho, viazi vya kuponda vyenye jibini, vinakaangwa mbele yako.