Re: Watoto wa miaka 4 na 7 kwenye dabi ya Kariakoo, niwapeleke?

Mkuu, wa miaka 7 mpeleke mpirani, ila si siku ya Simba na Yanga. Wa miaka 4 mwache kwanza nyumbani. Uwanja wa Mkapa unaingiza watu 60,000 na shida haipo kwenye viti, ipo getini. Mei 2023, fainali ya Yanga na USM Alger, watu walikanyagana wakati wa kuingia na mtu mmoja akafariki. Katika msukumano kama ule macho ya mtoto yako usawa wa viuno vya watu, haoni hata anakokwenda.

Anza na Azam Complex kule Chamazi, mechi ya kawaida ya ligi. Uwanja mdogo, mtoto anamsikia kipa akiwafokea mabeki wake. Mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu, na mkae mbali na wapuliza vuvuzela, maana ikilia nyuma ya kisogo chake hamtaangalia mpira tena. Jezi ya timu yako usimvalishe kama mtakaa upande wa watani. Baadhi ya watu wazima wakifungwa hawana haya. Akianza kusinzia dakika ya 70 ondokeni tu, matokeo mtayasikia kwenye daladala.