Je, nilikosea kumtoa dereva kwenye gari lililokuwa likiwaka?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Bomang'ombe. Mwezi uliopita gari dogo liliacha barabara ya Moshi–Arusha, likatumbukia mtaroni na kuanza kuwaka upande wa injini, dereva akiwa amebanwa na mkanda. Niliukata mkanda kwa kisu, nikamshika makwapani na kumburuta hadi ng'ambo, kisha nikarudi kumchukulia begi lake. Sasa majirani wananilaumu kwamba ningeweza kumvunja uti wa mgongo, na kwamba ilinipasa kuwasubiri wataalamu. Je, nilikosea?

JIBU: Marahaba, ndugu yetu. Majirani zako wameshika nusu ya kanuni. Ni kweli kwamba majeruhi wa ajali hasogezwi ovyo, lakini kanuni hiyo inahusu majeruhi aliye mahali pasipo na hatari nyingine, wala si mtu aliyefungwa ndani ya gari ambalo viti na plastiki zake, zikishika moto, hutoa moshi wenye kaboni monoksidi na sianidi, unaoweza kumwua kabla ndimi za moto hazijamfikia. Mgongo ulioumia hutibiwa mwenyewe akiwa hai. Tena kumshika makwapani kwa nyuma na kumvuta kwa kufuata mstari wa mwili wake ni njia inayofundishwa katika huduma ya kwanza, ingawa wewe huenda uliifuata kwa kukosa nyingine.

Kosa lako ni begi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kutuama mabondeni na mitaroni, yaani pale pale uliporudi kukanyaga, safari hii bila roho ya mtu ya kuokoa. Lingekuwa lori la mafuta lililopinduka, tungekuambia usisogee kabisa. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha baada ya kulizunguka lori la namna hiyo wakichota petroli.

Siku nyingine, kabla hujagusa mlango, mwagize mtu apige 114, namba ya zimamoto. Palipoungua mwilini pamwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, pasipakwe dawa ya meno. Na lile koti la bodaboda, kama ni la nailoni, livue kwanza, kwa maana huyeyuka na kugandia mwilini.