Picha za ubongo: kokotoa kwa hatua, sogeza mara moja

Mtu akinilalamikia kwamba ramani yake ya fMRI (picha za MRI zinazoonyesha ubongo ukifanya kazi) imeangukia nje ya ubongo, namwomba kwanza anifungulie picha ya utendaji juu ya picha ya T1, yaani picha ya MRI inayoonyesha umbo la ubongo, ya mshiriki huyohuyo. Mara nyingi kasoro iko hapo, wala kiolezo, yaani ubongo wa mfano ambao wote hulinganishwa nao, hakina kosa.

Picha za fMRI si za kupelekwa moja kwa moja kwenye kiolezo cha MNI152. Vokseli zake (vijichemraba vinavyounda picha) ni kubwa, kwa kawaida milimita 2 hadi 3, na mipaka ya tishu haionekani vizuri. Karibu na matundu ya hewa ya usoni na ya masikioni picha huvutika, na mahali pengine mawimbi hupotea kabisa. Ndiyo maana tunapitia T1.

Hatua ya kwanza ni fMRI kwenda T1. Fuvu ni lilelile, kwa hiyo vigezo 6 vinatosha: kusogeza na kuzungusha pande tatu. Ukiruhusu programu inyooshe, itaanza kufidia mvutiko kwa kuharibu umbo. Mimi hutumia BBR, mbinu ya Greve na Fischl ya mwaka 2009, ambayo hufuata mpaka wa tishu nyeupe na ya kijivu badala ya kulinganisha ung'avu wa picha nzima. Kama ulipiga pia ramani ya uga wa sumaku, inayosaidia kurekebisha mvutiko, mahali pake ni hapa.

T1 kwenda MNI152 ni habari nyingine, maana kiolezo ni wastani wa vichwa 152. Anza na vigezo 12, vinavyoruhusu pia kunyoosha, kisha mkunjo usio wa mstari, unaovuta kila sehemu kwa kiasi chake. Kwenye FSL, mkusanyiko wa programu za picha za ubongo, FLIRT (ya vigezo 12) hupewa ubongo uliokwisha kutolewa fuvu, lakini FNIRT (ya mkunjo) hupewa kichwa kizima. Wengi huchanganya hapo. Na kama BET, zana ya FSL ya kutoa fuvu, imebakiza kipande cha shingo, usiendelee.

Sasa lililo kubwa. Usiandike picha mpya kila hatua. Kila ukihamisha thamani za vokseli kwenye gridi nyingine, picha inafifia kidogo, na ukungu huo haufutiki. Hifadhi mabadiliko tu, yaunganishe kwa convertwarp, kisha uyatumie mara moja kwa applywarp juu ya data asilia; zote mbili ni zana za FSL. Kwa ANTs, programu nyingine ya kazi hii, kuwa macho: mabadiliko unayoyaandika mwisho ndiyo yanayotangulia kutumika. Barakoa na lebo (picha zinazotaja maeneo ya ubongo kwa namba) zihamishwe kwa jirani wa karibu, yaani kila vokseli ichukue namba ya jirani aliye karibu zaidi bila kuchanganya, la sivyo eneo namba 4 litazaa namba 3.6, eneo lisilokuwepo.

Alama za ulinganifu ambazo programu hutoa siziamini sana; macho yangu nayaamini zaidi. Tengeneza wastani wa washiriki wote waliokwisha kufika MNI, uangalie kingo za ventrikali, vyumba vya majimaji ndani ya ubongo. Zikiwa na ukungu, pitia mmoja mmoja. Aghalabu utamkuta mmoja ambaye picha yake imepinduka, kichwa chini, miguu juu.