Yaya, maliza ile kitabu ya tatu

Yaya, juu unauliza kama umalize trilojia ya Joe Abercrombie, ile hadithi ya fantasia ya bitabu bitatu, The First Law, na watu banakuambia kitabu ya tatu, Last Argument of Kings (2008), iko na mwisho muchungu: soma, tena soma pole pole. Ni kweli ni muchungu, lakini njo mwisho wa haki ya ile hadithi, maana toka mwanzo Abercrombie alikuwa anatuonyesha kama wakubwa habapigani vita juu ya raia. Angalia Glokta, ule mutesaji mwenye na yeye bamemutesa gerezani bakamung'oa meno, kila ngazi anapanda ni maumivu, anakula tu bintu laini, na tunaishi ndani ya kichwa yake mpaka unamuhurumia hata kama anafanya bintu bibaya sana, hiyo kazi si ndogo kabisa. Na pigano ya Logen, ule mupiganaji wa Kaskazini, na Fenris, ule jitu, ndani ya duara, watu bameshika ngao kuzunguka, na Fenris upande moja ya mwili imejaa alama zenye chuma haipenye, mi niliisoma kwa telefone huku Goma umeme imekatika mpaka betri ikaisha. Juu ya Bayaz, ule muchawi muzee, sikuambie kitu, muangalie tu kila anapofungua kinywa. Vita ya Adua, ule muji mukubwa wa hadithi, inavuta kidogo, vumilia. Ila usiruke ile ya pili, Before They Are Hanged, bila ile safari ndefu, Jezal, ule afisa kijana wa majivuno, na Ferro, ule mwanamuke wa kutafuta kisasi, hautabaelewa.