Sapelo: maswali yenu kuhusu kile kisiwa

Nilipotaja Sapelo, kisiwa cha pwani ya Georgia kule Marekani, kwamba zamani kilikuwa na Waislamu na leo wazawa wake weusi wako hatarini kukipoteza, meseji zikamiminika. Najibu machache.

*Hivi Waislamu walifikaje huko? (Dada wa Tanga)*

Utumwani, dada. Mwaka 1802 Thomas Spalding alinunua upande wa kusini akalima pamba na miwa, na nyapara wake alikuwa mtumwa Bilali Muhammad, mtu wa Timbo, Futa Jallon, yaani Guinea ya leo. Jamaa alikuwa msomi, kaacha kijitabu cha kurasa 13 cha herufi za Kiarabu, watu wakadhani ni daftari la mambo yake ya shamba kumbe ni fiqhi, udhu na sala, vipande vya Risala, kitabu cha sheria za Kiislamu cha Ibn Abi Zayd! Halafu miaka ya 1930 kitukuu wake Katie Brown akasimulia jinsi bibi yake alivyokuwa anatengeneza vikeki vya mchele na asali, anaviita "saraka". Mtu wa Tanga hahitaji tafsiri hapo, sadaka hiyo.

*Majengo ya enzi hizo yapo?*

Magofu yapo. Walichoma magamba ya chaza wakapata chokaa, wakachanganya na mchanga, maji na magamba mengine, ndo wakajengea kuta. Watu wa Kilwa mtaelewa haraka, ila kwetu tulichoma matumbawe.

*Si serikali inakilinda? Shida nini sasa?*

Inalinda msitu vizuri tu, watu ndo mtihani. Baada ya utumwa weusi walinunua ardhi yao hapohapo kisiwani, sehemu iitwayo Raccoon Bluff, 1871, wakajenga na kanisa. Mwaka 1934 tajiri wa tumbaku R.J. Reynolds Jr. akanunua karibu kisiwa chote, akawa anawahamisha kidogo kidogo mpaka wote wakabanwa kijiji kimoja, Hog Hammock, na jimbo lilivyonunua, 1969 kisha 1976, likarithi hali hiyohiyo. Leo wamebaki makumi tu. Mwaka 2023 kaunti ikaruhusu nyumba za futi za mraba 3,000 badala ya 1,400, hofu ikawa tajiri akijenga jumba la likizo, kodi ya serikali kwa ardhi ya jirani mzee inapanda, atalipa na nini? Wakazi wakakusanya saini ipigwe kura ya kuifuta ruhusa hiyo, na Septemba 2025 Mahakama ya Juu ya Georgia ikawakubalia.

*Naweza kwenda?*

Daraja hakuna, ni feri ya Meridian, na lazima uwe na mwenyeji au ziara uliyobuki. Tafuta mwenyeji Mgeechee kabisa, yaani mzawa wa wale watumwa, na uulizie kunde zao nyekundu, marehemu Cornelia Walker Bailey, wa ukoo wa Bilali, alihangaika sana zirudi shambani.