Umeitwa intavyuu na unaambiwa umwachie Mungu tu? Soma hii kwanza

Dada wa Busia, hongera sana. Kwa wale wanaoingia sasa hivi, dada ameandika kwamba ameitwa intavyuu Kampala alhamisi ya wiki ijayo, kazi ya kuhamasisha jamii kwenye makazi ya wakimbizi ya Kyaka II hapa Uganda, shirika lenyewe ni la Kikristo. Anauliza vitu vitatu: afunge siku hiyo au asifunge, aseme kwamba ameokoka au anyamaze, na kama ni kweli alivyoambiwa na mchungaji wake kwa Mathayo 10:19 kwamba asifikirie atakachosema, atapewa saa ileile. Mimi nimefanya hizi kazi miaka mingi, makazi ya wakimbizi ya Nakivale kwanza halafu ya West Nile, nimekaa kiti cha kuulizwa na kiti cha kuuliza, na nimeokoka. Mnivumilie, itakuwa ndefu.

Nianze na huo mstari wa Mathayo maana ndio unaumiza vijana wetu wengi. Hebu fungua usome na mistari ya juu yake. Yesu anawaambia wanafunzi kwamba watakamatwa, watapigwa, watapelekwa mbele ya maliwali na wafalme kwa ajili yake. Hiyo ahadi ni ya mtu aliyekamatwa kwa sababu ya jina la Yesu, hajui atashikwa lini wala ataulizwa nini. Wewe hujakamatwa dada, wewe umetumiwa barua yenye tarehe, saa, na karatasi inayoeleza kazi yote kipengele kwa kipengele, na una wiki nzima mbele yako. Nawaheshimu wachungaji sana, wameniombea mimi na watoto wangu, lakini kwa hili nasema wazi, tunawatuma vijana mbele ya paneli, yaani wale wanaokaa kuuliza maswali, mikono mitupu halafu wakikosa tunawaambia haikuwa mapenzi ya Mungu.

Nimeona kijana mzuri, ana digrii, ana roho ya kazi, anaulizwa unajua nini kuhusu shirika letu, anajibu kwamba Mungu ndiye amemleta pale, halafu kimya. Unajua paneli inavyofanya kazi, kila mmoja ana fomu yake mbele, kila swali lina alama zake, na unaandika kile mtu amesema. Nilijua anamaanisha nini na moyo uliniuma, lakini kwenye fomu sikuwa na cha kuandika.

Sasa badala ya huo mstari mimi nakupa mtu, Nehemia, yule mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi. Huyo ndiye mtu wangu wa intavyuu. Sura ya kwanza anasikia habari za Yerusalemu mwezi wa Kisleu, anafunga, anaomba, analia. Sura ya pili ni mwezi wa Nisani, yaani karibu miezi minne imepita, ndipo mfalme Artashasta anamuuliza, unataka haja gani? Nehemia mwenyewe anasema aliogopa sana. Na pale pale katikati ya swali na jibu anamwomba Mungu wa mbinguni, ombi la pumzi moja tu, hakumwambia mfalme ngoja kidogo nipige magoti. Lakini sasa angalia anachojibu. Anataka kutumwa Yuda akajenge mji. Mfalme anamuuliza safari itachukua muda gani, utarudi lini? Anampa muda. Halafu anaomba barua za kupita kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, na barua ingine kwa Asafu mlinzi wa msitu wa mfalme ili apewe miti ya malango na ukuta na nyumba atakayokaa. Jamani, huyu mtu alikuwa anajua mpaka jina la anayetunza msitu! Miezi ile yote alikuwa anaomba na anapiga hesabu, na kwake havikuwa vitu viwili tofauti. Kupiga hesabu kulikuwa ndani ya yale maombi.

Basi wewe fanya hivyohivyo wiki hii. Chukua ile karatasi ya kazi na daftari, kila kipengele andika chini yake kitu kimoja ulichowahi kufanya kinachofanana nacho. Wamesema kuhamasisha jamii, je si uliongoza vijana kanisani, si ulizunguka na VHT, wale wahudumu wa afya wa kijiji, wakati wa chanjo, si ulikuwa mweka hazina wa kikundi cha akiba? Hizo zote ni kazi, sema kwa mpangilio: hali ilikuwa hivi, mimi nilitakiwa kufanya hivi, nikafanya hivi na hivi, matokeo yakawa hivi. Usiseme tulifanya, tulifanya, sema nilifanya, najua kanisani tumefundishwa unyenyekevu lakini paneli haiajiri kikundi, inaajiri wewe. Yusufu alipotolewa gerezani alinyoa akabadili nguo, akamwambia Farao kwamba si yeye, Mungu ndiye atatoa jibu, na dakika hiyohiyo akampa mpango kamili wa kuweka sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba. Utukufu alimpa Mungu na uwezo wake hakuuficha.

Kisha soma kuhusu mahali. Kyaka II iko wilaya ya Kyegegwa, wengi pale ni Wakongo, na hapo Kiswahili chako ni mali, usikiseme kwa aibu, kiseme mapema. Makazi yanasimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, ile tunaita OPM, pamoja na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, halafu mashirika kama hilo lako yanafanya kazi chini ya huo mpango. Sheria ya Wakimbizi ni ya 2006, inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini, na Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, hakuna nchi Afrika inayotupita. Jua wale viongozi wa wakimbizi wenyewe wanaochaguliwa, kamati za RWC, kwa sababu mhamasishaji anayeanza kazi bila kupitia kwao hafiki mbali. Na jua habari ya chakula: WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, lilipopungukiwa pesa, 2023 likaanza kugawa watu kwa makundi kulingana na hali ya kila familia, wengine wakapunguziwa, wengine wakatolewa kabisa. Utaulizwa tu, nakuhakikishia: mama amekuja kwako anapiga kelele, ametolewa kwenye orodha, utafanya nini? Usiahidi chakula ambacho huna. Msikilize mpaka amalize, andika malalamiko yake, mwelekeze kwenye dawati la malalamiko na umfuatilizie, mwambie ukweli kuhusu kile kinachowezekana na kisichowezekana.

Hapa sasa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo Wakristo wengi wanaanguka, na wanaanguka kwa sababu ya moyo mzuri. Kuna swali la ulinzi, lipo karibu kila intavyuu ya kazi hizi. Linakuja hivi: umesikia kwamba mfanyakazi mwenzako anamtaka binti mkimbizi kimapenzi ili amwingize kwenye orodha ya msaada, utafanya nini? Na sisi tunajibu, nitamwita ndugu yangu kando, nitazungumza naye, tutaomba pamoja, akitubu tutamsamehe. Umeshaanguka hapo. Hata kama maswali mengine umeyajibu vizuri, mashirika mengi jibu hilo linakutoa. Jibu ni kwamba unatoa taarifa mara moja kwa njia iliyowekwa na shirika, hata kama ni uvumi tu na huna ushahidi, huchunguzi mwenyewe, humwambii mshukiwa, husambazi ofisini, na unahakikisha yule binti yuko salama na anapelekwa kwenye msaada. Msije mkaniambia hiyo ni kukosa neema. Kusamehe ni kitu kingine na kumlinda mtoto wa mtu ni kitu kingine, na Biblia ninayoisoma mimi Mungu yuko upande wa mjane, yatima na mgeni, na yule binti anaweza kuwa hao wote watatu. Ukilijibu hili kwa uchungu wa kweli na kwa utaratibu sahihi paneli itakuona.

Kuhusu kusema umeokoka. Shirika ni la Kikristo kwa hiyo watakuuliza imani yako inahusianaje na kazi, jibu bila kuficha, kwa ufupi, na useme kinachoonekana kwenye kazi: kwamba hesabu zako za posho ni za kweli, kwamba unamheshimu mtu aliyechoka na anayenuka jasho la foleni. Petro anasema tuwe tayari kujibu kuhusu tumaini letu lakini kwa upole. Halafu ongeza mwenyewe kabla hawajauliza, kwamba utamhudumia Mwislamu, Mkatoliki, mlokole na asiye na dini kwa kipimo kimoja, na hutahubiri kwenye foleni ya msaada. Mtu mwenye njaa akikubali wokovu akiwa ameshika kadi ya sabuni hujui amekubali nini. Ingekuwa shirika lisilo la dini ningekwambia usianzishe, lakini ukiulizwa usikane. Kama wewe ni Msabato sema mapema kwamba jumamosi hufanyi kazi na useme utakavyofidia. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza kumbagua mtu kwa dini, ila wanafunzi Wasabato walishtaki Chuo Kikuu cha Makerere kwa mitihani ya jumamosi mpaka Mahakama ya Juu wakashindwa, kwa hiyo mazungumzo ya upole mapema yatakusaidia kuliko kwenda kupigania haki baadaye.

Kufunga: funga sasa, jumamosi na jumapili, au siku yoyote kabla ya jumatano. Alhamisi kula. Paneli inaweza kukuweka saa tatu asubuhi ukaitwa saa tisa, na kabla yake kuna mtihani wa kuandika, na mtu aliyefunga kwenye jua la Kampala anajibu kwa mkato na kichwa kinamuuma. Pia usitoke Busia asubuhi ileile. Njoo jumatano, lala kwa ndugu, maana jam ya kuanzia Mukono hadi Bweyogerere haina huruma. Viatu vya intavyuu weka kwenye mfuko, panda boda na vya kawaida, ubadilishe getini. Nguo si lazima mpya, soko la Owino unapata blauzi nzuri kwa pesa kidogo, muhimu iwe safi na imepigwa pasi. Beba kitambulisho cha taifa, vyeti halisi vya UNEB, baraza la mitihani, na vya chuo, na kopi zake.

Ukweli. Kama kuna miaka hukuwa kazini sema ulikuwa unafanya nini, ulimuuguza mama, sema ulimuuguza mama. Usiongeze miezi kwenye CV, usiweke programu za kompyuta usizozijua, watakupa ufungue Excel hapohapo. Ndiyo yako iwe ndiyo. Na hili hujauliza lakini nalisema kwa sababu nimeona mabinti wakilia: mtu yeyote akikupigia kabla ya alhamisi akasema tuma pesa kidogo kwenye simu ya medikali au ya kufungua faili, ni mwizi, shirika la kweli halikuombi pesa ili likuajiri. Kama ni afisa wa kweli anaomba chai, hiyo ni rushwa, kuna Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009 na kuna ofisi ya IGG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Serikali, ya kupeleka taarifa. Akikwambia mkutane hotelini jioni mzungumze kuhusu nafasi yako, usiende. Usiende hata na rafiki. Kazi iliyoanzia pale utailipia kila mwezi. Na wanaokuambia upande mbegu ya laki mbili madhabahuni ili kazi itoke, hiyo pesa ndiyo nauli yako na chakula chako, Mungu hauzi kazi.

Mshahara wakiuliza usiseme chochote mtakachonipa nitashukuru, tunadhani ni unyenyekevu lakini wanasikia kwamba hujui thamani ya kazi. Uliza watu wanaofanya kazi kama hiyo wanalipwa kiasi gani, sema kuanzia hapa mpaka hapa, na uulize kama ni kabla ya makato, kwa sababu kuna PAYE, kodi ya mshahara, na NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, inakata asilimia 5 yako, wao wanaongeza 10 yao.

Wakikwambia una swali kwetu, uwe nalo. Uliza kwa mfano mwenye kazi hii miezi mitatu ya kwanza atapimwa kwa nini. Ukitoka waandikie barua pepe fupi ya asante siku hiyohiyo, na wapigie simu wale watu watatu uliowaandika kwenye CV uwaambie wanaweza kuulizwa kukuhusu, wengi hupoteza kazi hapo kwa sababu simu haikushikwa.

Sasa kazi ya leo usiku: jirekodi kwenye simu ukijibu "tueleze kuhusu wewe," dakika mbili, usianze na ulikozaliwa na mko watoto wangapi, anza na kazi unayoijua kufanya. Nitumie inbox. Jumapili baada ya ibada mimi na mke wangu tutakupigia tukuulize maswali kama paneli, yeye alikuwa HR, ofisi ya kuajiri, na hana huruma, kwa hiyo kaa na daftari lako karibu na uwe na chaji ya kutosha.